Hapana ya Kwanza

Daktari wetu pale zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Ifo alikuwa Mwingereza mwenye mvi, mwembamba, mkali kwa mgonjwa yeyote aliyeacha dawa katikati. Hatukumtilia shaka hata kidogo mpaka aliporudi kutoka likizo na sanduku la bati lililojaa magauni. Alitueleza bila kuona haya kwamba kwao yumo katika kikundi cha watu wazima wanaovaa kama mabwana na mabibi wa karne ya kumi na tisa, wanakodi ukumbi na kucheza dansi za wakati ule kwa adabu za wakati ule. Yumo dereva wa treni, yumo muuza samaki, na wote huinamiana na kuitana bwana na bibie. Mimi niliona ni wendawazimu na nikamwambia hivyo. Akacheka, akanifanya mchezaji wake wa kwanza.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka kwetu Rabai kwa kazi ya mkataba, na tulilala Dadaab. Kabla jua halijazama ilibidi kila mtu awe ndani ya ua wa ofisi yake kwa sababu ya majambazi wa barabarani. Humo ndani tulikuwa na karata, redio, na ugomvi wa nani kamaliza maji ya kuoga. Kwa hiyo daktari aliposema ataandaa dansi kantini, waliokubali walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Ingefanyika saa tisa mchana, joto likiwa bado limesimama. Alisema kwao huchezwa usiku, kwa mishumaa. Tukamwambia mishumaa ya hapa huinama kabla ya kuwashwa.

Katika mazoezi, adabu ndizo zilizotusumbua kuliko miguu. Mwanamume hamwendei mwanamke ambaye hajajulishwa kwake. Mwanamke havuki ukumbi peke yake. Mikono haigusani mitupu, kila mtu avae glavu. Na msichana ambaye hajaolewa lazima aje na mwanamke mtu mzima wa kumwangalia. Wenzetu wa Nairobi walicheka mpaka wakashika mbavu. Edo hakucheka. Alikuwa mjane kutoka Garissa mjini, mfagiaji wa zahanati yetu. Sote tulimwita Edo, yaani shangazi kwa Kisomali. Aliuegemea ufagio wake akasikiliza hadi mwisho.

"Hii watu ya zamani ilikuwa na adabu," akasema, na kila p kinywani mwake ilikuwa b. "Sasa walibotelea wabi?"

Akajiteua mwenyewe kuwa mwangalizi wangu. Hakuna aliyemwomba, na hakuna aliyethubutu kumkatalia.

Niliyetaka kucheza naye alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu wa Nyeri, mpole mpaka anakera. Nasema wazi: nilimpenda. Tangu Januari alikuwa akipitia zahanati kuangalia bomba lisilokuwa na kasoro yoyote. "Habari ya asubuhi, sista," husema, akafungua maji, akafunga maji, akaenda zake. Nami na ukali wangu wote hujibu "nzuri" nikarudi kwenye sindano zangu. Sketi za dansi zilipohitaji pete za kuzitanua, yeye ndiye aliyezitengeneza kwa mipira myembamba ya maji iliyobaki kisimani kambi jirani ya Dagahaley. Yangu aliileta mwenyewe, akaiegemeza mlangoni pa chumba cha dawa, akaondoka kabla sijasema ahsante. Gauni lilishonwa sokoni Ifo kwa shuka na chandarua. Glavu zilimshinda fundi cherehani. Kidole gumba alikiweka upande usio wake, ikabidi ya kushoto niivae kulia.

Wiki ile ile ya dansi ikaja habari kwamba fundi amehamishiwa Turkana, na kwamba ataondoka na msafara wa asubuhi, kesho yake baada ya dansi. Habari hiyo nililetewa na Edo, si na mwenyewe. Nikajikaza kisabuni. Lakini nilijua kwamba asiposema mchana ule hatasema tena, nami sikuwa mtu wa kumkimbilia mwanamume mpaka Turkana.

Siku ilipofika, kantini ilinuka nyama ya mbuzi na marashi. Meza zilikuwa zimesukumwa ukutani, redio ya kaseti iko juu ya friji. Edo aliketi kando yangu na baibui jipya, mgongo wima, akimkagua kila mwanamume aliyepita. Nilicheza dansi ya kwanza, ile ya watu wanane wanaosimama mraba, na karani wa ghala aliyenikanyaga tangu mwanzo hadi mwisho. Jasho lilinichuruzika ndani ya glavu. Kisha daktari akatangaza walsi, dansi ya kuzunguka wawili wawili, na hapo fundi akavuka ukumbi. Koti lake lilikuwa la kuazima, mikono haikumfika. Akainama kama tulivyofundishwa.

"Sista, naomba nicheze nawe hii."

"Hapana, ahsante," nikasema.

Wa kwetu atanielewa. Ukikaribishwa chakula nyumbani kwa watu, hata kama tumbo linanguruma, unasema umeshiba. Mwenyeji anasema haiwezekani, njoo ule. Unasema haya basi, kidogo tu. Anayerukia sahani kwa neno la kwanza ataambiwa hakulelewa, na mimi nililelewa. Mdomo ulisema wenyewe, macho nikayainamisha, nikangoja nibembelezwe.

Nilipoyainua, alikuwa amekwisha inama mara ya pili na kugeuka. Nilimwona mgongo.

Kabla sijamwita akawa amefika mlangoni. Yule karani wa ghala akanijia kuomba walsi hiyo hiyo, na daktari akamzuia kwa upole. Mwanamke aliyemkataa mmoja hachezi na mwingine mpaka dansi hiyo iishe, ndiyo sheria yao. Basi nikabaki nimeketi ndani ya mpira wangu wa maji, nimefura. Nilimkasirikia fundi, nikaikasirikia Uingereza nzima, nikamkasirikia na mama yangu aliyenifunza kukataa vizuri. Machozi yalikuwa karibu na nikaona aibu nayo.

Edo alinitazama, akamtazama fundi aliyekuwa amesimama peke yake karibu na mlango, akainuka. Hakuzunguka ukutani. Alikata katikati ya wachezaji.

"Wewe kijana! Mbona umeondoka?"

"Amekataa, mama."

"Amekataa mara moja! Hata chai mtu anakataa kwanza. Wewe unauliza mara moja unaenda, kama mtu ya bosta? Wallahi umefanya fibaya."

Wachezaji wakasimama. Mtu akazima kaseti. Daktari akaja mbio, uso mwekundu, akieleza kwamba mwangalizi haruhusiwi kuingilia, na kwamba mwanamke akishakataa muungwana harudii ombi, kwani kurudia ni kumdharau.

"Basi hiyo adabu yenu iko na haraka," Edo akamwambia.

Wengine walicheka. Fundi hakucheka. Alikuwa akivua glavu zake, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayemaliza kazi.

"Mama, usigombane na daktari," akasema. "Nilimsikia vizuri. Tangu Januari nimekuwa nikijitayarisha kuisikia hiyo hapana."

Hakusema kwa kulalamika, na hilo ndilo lililonimaliza. Miezi yote ile nilidhani anayeogopa ni mimi peke yangu. Nilikuwa nangoja asukume mlango, naye kila asubuhi alikuwa akiondoka akiamini nimeufunga. Hasira zikanitoka zote kwa pamoja, nikabaki na woga mtupu.

Nikasimama. Sketi ikakumba kiti kikaanguka. Nikavuka ukumbi peke yangu, jambo ambalo daktari asingelikubali, na mama yangu ndiyo kabisa. Watu walinipisha, si kwa heshima, ila ile sketi haikuacha nafasi. Nikasimama mbele yake nikiwa na glavu zilizopinda gumba, bila neno lolote la adabu kichwani, si la Kiingereza wala la kwetu.

"Niulize tena," nikasema.

Safari hii hakuinama. Alinitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Sista," akaanza, "mimi kesho naondoka, na sijui kama wewe unaweza..."

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Mume wangu hajalimaliza mpaka leo.