Simu Ndani ya Ndoo

Mama Pasi alikuwa akipiga pasi mashuka ya watu tangu bintiye hajaota meno, na hajawahi kuunguza hata foronya. Siku ile aliunguza mbili, na hakumwomba mtu radhi.

Hasira zake zilikuwa ndani ya ndoo. Pale kwao kazini, kwenye nyumba ya kufulia, mvuke na maji ya sabuni vilishaua simu nyingi, kwa hiyo kila anayeingia zamu hutumbukiza simu yake kwenye ndoo kavu mlangoni. Mama Pasi hakuwa na neno na hilo. Bintiye alimnunulia kidude cha sikioni, kinashikana na simu bila waya, kwa bluutuu. Anakivaa chini ya kitambaa cha kichwa. Simu ikiita kule ndooni, yeye anaisikia huku pasi iko mkononi.

Basi ugonjwa wa kuambukiza ukaingia mjini, ukaja na hii programu ya simu ya kufuatilia nani kakaa karibu na nani. Msimamizi akatangaza: bila programu hakuna kazi, na ibaki wazi kwenye kioo zamu nzima, maana ikifungwa hainusi simu za jirani kwa bluutuu hiyohiyo. Sasa simu ya Mama Pasi ni ya zamani, betri yake imechoka kama mwenyewe. Tangu ipachikwe hiyo programu, kidude kinakwaruza, kinakatika, kinarudi, kinakatika tena. Mchana haujafika, simu imekata roho.

Na bintiye alikuwa wa kujifungua siku yoyote. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake, hana hata wa kumshika mkono. Safari hii Mama Pasi alimwahidi: "Wewe nipigie tu, nitaiacha hata pasi juu ya shuka."

Siku ile sikio lilikuwa kimya tangu asubuhi. Foronya ya kwanza ikaungua. Ya pili ikaungua. Akaenda mlangoni, akachomoa simu yake kwenye ndoo. Kioo cheusi ti.

"Mama Pasi, simu ndooni," akasema msimamizi, kijana wa rika la bintiye.

"Imezima. Nataka chaji."

"Umeme ni wa mashine. Na sheria sikutunga mimi, mama yangu. Hiyo programu inatulinda."

"Inatulinda! Simu zetu zinalaliana humo kutwa, zinanong'onezana mpaka zinazimia. Yule mzee anayechemsha maji kwenye boila kule nyuma sijamtia machoni tangu mwezi uliopita, lakini iulize programu yako, itakwambia nalala naye kitanda kimoja!"

Mwanamke anayekunja mashuka akacheka hadi akaangusha rundo. "Shoga, na mzee mwenyewe anajua?"

"Nyamaza wewe, leo sina mzaha."

Akachomoa waya wa pasi ukutani, akachomeka chaja yake palepale.  Simu ikaamka taratibu kama mtu mwenye homa. Ujumbe wa bintiye ukaanza kushuka. Mama nipigie. Mama uko wapi. Mama chupa imepasuka, napelekwa hospitali.

 Mama Pasi akaibonyeza ile programu, akaifuta mbele ya macho ya msimamizi.

"Ukitoka bila hiyo, kesho usije."

"Kesho utapiga pasi mwenyewe, mwanangu. Anza na hizo foronya."

Alifika wodi ya wazazi barakoa imemlowa jasho. Bintiye alikuwa ameng'ang'ania chuma cha kitanda, naye ana hasira zake.

"Nimepiga mpaka nimechoka! Ulikuwa wapi, Mama?"

"Ndani ya ndoo," akajibu Mama Pasi, akitupa mkoba chini. "Utanitukana baadaye. Lete huo mkono, sukuma!"