Mkate wa Kumi na Mbili wa Oxmere

Tamsin Gathercole alikuwa na miaka hamsini na saba, na hakuna aliyejua amwite mjane au mke wa mtu. Mumewe, Abel, alitoka kuswaga ng'ombe kwenda London, akasema atarudi baada ya wiki tatu. Ikapita miaka kumi na moja. Tamsin akaishi kwa kusokota sufu na kuokota mawe kwenye mashamba ya watu, mpaka vidole vikakataa kukunjika.

Kijijini kwao, Oxmere, kulikuwa na mkate wa sadaka. Tajiri mmoja wa sufu, Roger Wace, alikufa zamani sana akaacha shamba, kodi yake inunue mikate kumi na miwili kila Jumapili. Ilipangwa juu ya kaburi lake, humo humo kanisani. Baada ya ibada wajane kumi na wawili walipita, kila mmoja akiweka kiganja juu ya jiwe kwanza, ndipo achukue wake. Mjane akifa, mwingine huingia mahali pake.

Mwaka 1795 ngano ilipanda bei vibaya, na majira hayo ya baridi akafa Bibi Pask, mmoja wa wale kumi na wawili. Jumapili iliyofuata Tamsin akabaki kanisani, akaomba nafasi ile.

"Mjane wa nani wewe?" akauliza Dorcas Crisp, mmoja wa wale wajane. "Abel hajafa, mwenzangu. Amekuchoka tu."

Wenzake wakachekea ndani ya shali zao.

Bwana Thurlow, mzee wa kanisa, akasema jambo ni jepesi: Tamsin aape kwamba mumewe amekufa, achukue mkate.

Tamsin akautazama. Alikuwa hajala tangu jana asubuhi.

"Siwezi kuapia nisichokijua, bwana. Lakini nani kasema lazima niwe mjane?"

"Wosia."

"Umeusoma?"

Bwana Thurlow akakohoa. Yeye aliambiwa na baba yake. Kasisi naye aliambiwa na kasisi aliyemtangulia. Wosia ulikuwa kwenye kasha la kanisa lenye kufuli tatu, na funguo zake zilishikwa na watu watatu, ili asitokee wa kulifungua peke yake. Kwa hiyo hakuna aliyelifungua kabisa.

"Basi usomwe," Tamsin akasema. "Ukinikataa, nitakwenda zangu."

Hakuna aliyeondoka, hata waliokwisha kupata mkate. Funguo mbili zikapatikana upesi. Ufunguo wa tatu aliachiwa Jabez Nunn, mchimba makaburi, kapera wa miaka sabini. Alikuwa ameuning'iniza nyuma ya mlango wa banda la kuku ili uzito wake uuvute mlango ujifunge. Akauleta una manyoya.

Kasisi akasoma polepole: mikate kumi na miwili, wapewe watu kumi na wawili maskini wa Oxmere, wasio na wa kuwalisha. Akageuza karatasi. Akaigeuza tena. Mjane hakutajwa popote.

"Watu?" Jabez akauliza. "Si wanawake?"

"Watu."

"Na mimi nimewachimbia wajane makaburi miaka arobaini, tumbo tupu. Kumbe nami nimo?"

"Kama wewe ni mtu," akasema Dorcas.

Hapo ndipo Tamsin alipoogopa. Mkate ulikuwa mmoja, na Jabez alikuwa anautazama vilevile kama yeye. Kasisi akakunja karatasi taratibu, akawaangalia wote wawili.

"Nafasi ni ya aliyeiomba kwanza," akasema. "Itakayofuata, ya Jabez."

Tamsin akaweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa baridi mno. Akachukua mkate, na kabla hajafika nyumbani ukoko wote wa juu ulikuwa umekwisha.

Aliula mkate ule miaka tisa. Abel hakurudi, wala habari zake hazikuja. Jabez naye, tangu Jumapili ile, akawa anasimama mlangoni kuwasalimu wajane mmoja mmoja, kwa upole ambao hawakuwahi kuuona kwake.

"Kifua kinaendeleaje, Mama Crisp?"

"Sina kifua mimi."

"Bado mapema," Jabez akasema. "Baridi yenyewe haijaanza."