Gauni la Rangi ya Mawese

Wewe uliyekulia Ujiji kama mimi utanielewa haraka. Majuzi kijana wa bodaboda alinishushia kifurushi nilichoagiza mlangoni kwangu Gungu, kwenye ile nyumba ya vigae vyekundu ambayo ukimuuliza mtu yeyote atakuonyesha. Ndani mlikuwa na diski kutoka Ufaransa. Ni filamu ya zamani, hadithi ya binti mfalme, ambamo watu hawawezi hata kuombana chumvi bila kuimba. Wenyewe wameisafisha upya, wameondoa mikwaruzo, wamerudisha rangi zote. Nilipochana nailoni yake tu, nikasikia harufu ya sebule ya mama jirani yetu wa Ujiji: mawese jikoni, mkeka mpya, na deki ya video iliyopata moto.

Mama jirani alivuka ziwa kutoka Kongo, akaolewa hapa na mfanyabiashara wa vitenge, na nyumba yao ilipata televisheni kabla ya nyumba nyingine yoyote mtaani kwetu. Kanda ya video ilikuwa moja tu, ya filamu hiyo hiyo, ambayo mumewe aliinunua Bujumbura. Jumapili mchana, umeme ukiwepo, mlango ulifunguliwa. Kiingilio kilikuwa ndoo ya maji. Sisi tulioshinda asubuhi nzima ufukweni tukifukuza kunguru kwenye dagaa za bibi zetu, tulikimbia na ndoo vichwani, maji yakituchuruzika mgongoni, na yeye akituchungulia ndoo mmoja mmoja.

"Nusu ndoo, nusu filamu!" alikuwa akisema, na aliyemwaga njiani alirudi kisimani analia.

Kanda yenyewe haikuwa na rangi. Jumba la mfalme kijivu, maua kijivu, gauni la binti mfalme kijivu. Hapo ndipo mama jirani alipoingia kazini. Alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, akatufasiria nyimbo, na akatutajia rangi.

"Batoto, muangalie ile gauni. Iko rangi ya mawese ya leo, bado ya moto."

Farasi wa mfalme alikuwa mweupe kama unga wa muhogo juani. Mama wa kambo, aliyemwibia binti mfalme kivuli chake, alikuwa na midomo ya pilipili iliyoiva. Na yule binti, alipozunguka nchi nzima akiimba ili kivuli kimsikie kirudi, alipita kwenye misitu ya kijani ambayo mimi niliiona, naapa niliiona, kwenye kioo kile cha kijivu. Tulimtania kwa hiyo "batoto" yake, lakini kwenye rangi hakuna aliyembishia. Yeye alikuwa ameiona filamu hiyo kwa masista, Kalemie, akiwa msichana. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake mtaani. Bibi yangu, Muha asiyebabaishwa na mambo ya wageni, alisema muongo angebadilisha rangi kila Jumapili, lakini yule mama habadilishi.

Mimi peke yangu niliuliza rangi imekwenda wapi. Wenzangu walinicheka. Swali hilo ndilo lililonipeleka Dar es Salaam, likanikalisha Kariakoo nikitengeneza redio mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma ya elektroniki, ambayo iko sebuleni kwangu kwenye fremu ya dhahabu. Jibu nililipata chuoni: Wafaransa walikuwa na mfumo wao wa kurekodi rangi, na mashine zetu zilikuwa za mfumo mwingine. Picha ilipita, rangi ikabaki ndani ya kanda. Siku hiyo darasani nilisimama nikaeleza mpaka mwalimu akakaa chini kunisikiliza. Sikusaidiwa na mjomba wala na waziri. Nimefika hapa kwa mikono hii.

Kwa hiyo diski ilipofika nilijua inakwenda wapi. Mama jirani sasa ni bibi, magoti yamemshinda, hatoki tena nyumbani kwake Ujiji. Nikapakia deki ya diski na televisheni yangu, pana kama mlango, kwenye bajaji, nikamfuata. Nilimwamkia, akaniita fundi, akacheka. Wajukuu walijaa mkekani. Hao wamelelewa na hadithi ya gauni la mawese kama sisi. Deki ilikataa diski ya Ulaya, maana kiwandani imefungiwa diski za huku tu. Mafundi wengi wangeishia hapo. Mimi niliifungua kwa rimoti tu.

Muziki ukaanza, pazia likapanda, binti mfalme akatokea ngazini. Gauni lilikuwa la buluu. Buluu ya sare ya shule, isiyo na shaka yoyote.

"Bibi! Si ulisema mawese?"

"Katuongopea huyu!"

"Kumbe Kalemie hakuiona filamu yoyote!" akasema mjukuu mkubwa, na wote wakaangua kicheko.

Nilitamani umeme ukatike. Nilikuja kumheshimu yule mama, na sasa nilikuwa nimemvua nguo mbele ya wajukuu wake, kwenye sebule yake mwenyewe, kwa vifaa vyangu vya gharama.

Yeye aliinama kuitazama ile buluu.

"Iko muzuri," akasema. "Masista walitundika shuka uani. Filamu yao haikuwa na rangi hata kidogo. Sista mmoja mzee alikaa kando akatuambia: hii nyekundu, hii rangi ya mawese. Mimi nilimuamini. Na yeye sijui aliambiwa na nani."

Akanigeukia.

"Fundi, hiyo diploma yako inaweza kuitoa hiyo rangi?"

"Mama! Nimeitafuta miaka yote hii."

"Itoe. Angalia vile batoto wamekaa. Hawana kazi, rangi yote iko tayari."

Basi nikaingia kwenye mipangilio ya televisheni, nikateremsha rangi mpaka sifuri. Jumba la mfalme likarudi kijivu. Ile kanda ya zamani iliota ukungu ikatupwa. Muuza vitenge amefariki, bibi yangu amefariki, na ufukwe tuliokuwa tukifukuzia kunguru ziwa limeumeza, unaona paa la kibanda tu. Watoto wa mtaa huu sasa wanatazama filamu kwenye simu, kila mmoja na pembe yake. Sikutegemea kuisikia sebule ile ikipiga kelele tena.

"Farasi rangi gani?" bibi akauliza.

"Nyeusi!"

"Ya bodaboda ya baba!"

"Baba yako ana baiskeli, wewe!"

Walisogea mpaka puani pa televisheni. Bibi aliwasimulia, wakamkatiza, akawakemea, wakamkatiza tena. Mwishoni, kivuli kiliposikia wimbo na kuanza kurudi kwa mwenyewe kikitambaa sakafuni, alininyooshea kidole.

"Na weye fundi. Kivuli iko rangi gani?"

Jibu la kitaalamu nilikuwa nalo. Watoto wote wakanigeukia. Nikavua viatu, nikakaa mkekani katikati yao, nikasema ni rangi ya kahawa inapomiminwa kikombeni.

"Muongo!" wakapiga kelele, kila mmoja akitaja rangi yake, wakabishana mpaka hakuna aliyeisikia filamu tena.