Kalamu ya Mkono wa Kushoto

Walisema sitaweza. Mwalimu wangu wa darasa la nne alisema mtoto anayeandika kwa mkono wa kushoto atamaliza shule akiwa na kiganja cheusi na daftari lisilosomeka. Baba mdogo alisema kazi ya karatasi si ya mtu wa shoto, heri nijifunze kushona nyavu, kwa sababu nyavu haziulizi mkono. Nilipovuka mpaka kwenda Mwanza kusoma, jirani mmoja alimwambia mama yangu, "Huyo atarudi na samaki wa kukaanga, si na cheti."

Nilirudi na diploma ya uvuvi, daraja la kwanza, na Kiswahili ambacho hadi leo watu wa Kisumu huniuliza nilikitoa wapi. Karo nilijilipia mwenyewe kwa kupakia samaki kwenye malori kabla ya vipindi kuanza. Siyaandiki haya kwa kujigamba tu, ingawa kujigamba nako kumo na nimekutolea jasho. Nayaandika ili vijana wanaoanza kazi ya ukaguzi wa samaki wajue kwamba nusura nipoteze yote hayo kwa sababu ya kalamu.

Siku ya kwanza kazini niliripoti kwenye ufuo mmoja wa ziwa huko Seme, nje ya Kisumu, mteremko wa chini ya Kombewa. Nilivaa suruali iliyonyooshwa pasi, viatu vya kung'aa, na mfukoni mwa shati nilichomeka kalamu ya wino yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, niliyojinunulia siku ya mahafali. Mkaguzi Mkuu, mtu mfupi aliyevaa buti za mpira, alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Bwana Diploma," akasema, "hapa tunakanyaga maji."

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mashua zikifika tulipima samaki, tukatazama macho na mashavu yao, tukahakikisha barafu inatosha, kisha tukaandika hati ya kusafirishia. Hati hiyo huandikwa mara moja tu lakini hutoa nakala tatu, kwa kuwa kati ya karatasi na karatasi huwekwa kaboni, ile karatasi nyeusi inayopitisha maandishi kwenda chini ukikandamiza. Nakala ya kwanza husafiri na dereva, ya pili hukaa na mwenye samaki, ya tatu hubaki kitabuni ofisini. Bila hati inayosomeka, samaki hawavuki kizuizi cha barabarani hata wawe wabichi namna gani.

Mezani niliandika vizuri sana. Mtu wa shoto huisukuma kalamu badala ya kuivuta, na kiganja chake hufuata nyuma kikifuta alichoandika. Mimi nilikuwa nimejifunza kukunja mkono uwe juu ya mstari, kama anayekumbatia chungu, na maandishi yangu yalisifiwa Mwanza nzima. Lakini ufuoni hakuna meza. Unaandikia ubao uliouegemeza kwenye kasha la barafu, vidole vina magamba, karatasi inanyonya unyevu, na nyuma yako watu sita wanapiga kelele.

Katika wiki yangu ya tatu alikuja Mama Dorsila. Alikuwa mfanyabiashara wa mbuta, yaani sangara, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mashua zikiwa bado mbali. Siku hiyo alikuwa na kilo mia nne za kupeleka Kakamega kwa gari la kukodi. Nilipoifungua kalamu yangu ya dhahabu, alicheka.

"Mwanangu, hiyo kalamu ni ya kusaini harusi. Tafuta biro."

"Mama, hii imetoka Mwanza."

"Hata mbu hutoka Mwanza," akajibu, na wachuuzi wote wakaangua kicheko.

Nilikasirika. Nikaandika hati kwa mwandiko wangu bora kuliko wote, nikaweka sahihi yenye mkia mrefu, nikampa dereva. Dereva aliiweka juu ya kasha, kama madereva wote walivyofanya, kisha gari likaondoka.

Kabla ya saa sita mchana utingo wa gari lile alirudi akihema. Walikuwa wamesimamishwa kwenye kizuizi pale Mamboleo. Maji ya barafu yalikuwa yameilowesha hati, na wino wangu umegeuka wingu la buluu. Hakuna uzito, hakuna jina, hakuna sahihi. Wakaguzi wa pale, kwa haki kabisa, walikataa kulipitisha gari. Zama hizo hatukuwa na simu za mkononi.

"Hakuna shida," nikamwambia Mkaguzi Mkuu. "Nakala iko kitabuni."

Nikafungua kitabu. Nakala ya pili, ambayo Mama Dorsila alikuwa bado hajaichukua, ilikuwa na mikwaruzo hafifu, kama kuku amepita. Ya tatu ilikuwa nyeupe. Kalamu ya wino haikandamizwi. Ukiikandamiza ncha yake hupanuka na kuharibika. Nami niliitunza ncha yangu kama mboni ya jicho.

Tulienda Mamboleo, mimi, Mama Dorsila na Mkaguzi Mkuu, ili mkubwa wangu atoe neno lake kwa mdomo na kuandika hati nyingine. Tulifika jua limekwisha kulifanyia kazi lile gari. Barafu ilikuwa maji, na mbuta walikuwa wamelegea, mashavu yamepauka. Sheria niliyosomea mwenyewe ilinitaka niseme samaki hao hawafai kuliwa, nami nilisema. Mama Dorsila hakupiga kelele. Alinitazama mkono wa kushoto, kisha akanitazama usoni.

"Wewe hutaniandikia tena," akasema. "Hata nikibaki na samaki mmoja tu."

Sikuwa na cha kumlipa, wala hakuniomba. Shimo lilichimbwa kando ya barabara, samaki wakafukiwa.

Kesho yake nilijua nitafukuzwa, kwa kuwa bado nilikuwa katika miezi ya majaribio. Mkaguzi Mkuu aliniita kando ya mizani. Namshukuru mtu huyo hadi leo, Mungu amweke pema. Angeweza kuandika mstari mmoja tu, nami ningerudi kupakia malori.

"Diploma iko kwa ukuta," akaniambia. "Samaki iko kwa barabara. Wewe unajua samaki kuliko mimi, hiyo nimeona. Lakini hujui kalamu. Nakupa miezi sita. Utafute kalamu ya huu mkono wako na ya haya maji. Ukikosa, rudi Mwanza."

"Nitaipata wapi, mzee?"

"Azima. Kila mtu hapa ako na kalamu."

Basi nikaanza kuazima. Karani wa chama cha wavuvi aliniazima kalamu ya kubofya. Iliandika vizuri siku nne, kisha magamba yakaingia kwenye springi, ikawa inajitoa na kujirudisha yenyewe kama kobe. Katekista aliniazima ile yenye wino laini wa majimaji, inayoteleza bila kukandamizwa. Kiganja changu kiliifuta mistari yote kabla haijakauka, na nakala ya tatu ikatoka nyeupe. Muuguzi wa zahanati aliniazima yenye ncha nyembamba sana. Ilinifaa ndani ya nyumba, lakini kwenye karatasi yenye unyevu ilichana kama wembe. Dereva wa gari la barafu aliniazima biro aliyokuwa ameiacha juu ya dashibodi juani. Ilivuja, ikanipaka shati la pekee nililokuwa nalo. Aliposikia, alinijia mbio, akiniita ndugu kwa Kijaluo.

"Omera, umeharibu shati?"

"Kalamu yako ndiyo imeharibu."

"Hiyo kalamu ilikuwa mzima hadi imeshikwa na huo mkono," akasema, akanicheka wiki nzima. Lakini wiki iliyofuata aliniletea nyingine.

Huku kwetu kalamu iliyoazimwa ni kama sahani ya matanga: huzunguka boma zote isirudi jikoni kwake. Zangu hazikuweza kurudi kwa sababu nilizijaribu hadi zikafa. Nilizitumbukiza katika maji ya barafu, nikaandikia karatasi yenye mafuta ya samaki, nikakandamiza hadi kidole kikaota sugu. Nyuma ya shajara yangu niliandika jina la kila aliyeniazima. Walifika kumi na mmoja.

Nilichojifunza nawapa bure. Chukua biro ya kawaida, wino mzito wa mafuta, kwa sababu maji hayauwezi, nao hukauka kabla kiganja cha shoto hakijafika. Ncha iwe ya wastani. Mwili wake uwe na pembe, usiwe mviringo, ili isibingirike kutoka kwenye kasha. Uwe wa kuona ndani, ujue wino umebaki kiasi gani kabla ya kushuka ufuoni. Isiwe na springi. Isikae mfuko wa shati, kwa maana ukiinama kutazama samaki itadumbukia kwenye barafu. Ifunge kwa uzi wa nyavu kwenye tundu la kifungo. Vidole vikiwa vya baridi na kigololi cha ncha kikagoma, usiitikise wala usiipulizie: isugue kati ya viganja kama unayeomba dua. Karatasi ikiwa na mafuta, ipanguse kwa chumvi kidogo. Rangi ni buluu, ili hati halisi itofautiane na kivuli cheusi cha kaboni. Na usimwazime mtu kalamu ya kazi. Beba ya pili kwa ajili ya waombaji. Mimi nilimwomba kila mtu, na najua waombaji hatuna aibu.

Miezi sita ilipotimia Mkaguzi Mkuu alikifungua kitabu changu moja kwa moja kwenye nakala za tatu. Alipekua kurasa nyingi. Kisha akakitia muhuri, nikathibitishwa kazini. Alisema tu, "Sasa nunua buti."

Baada ya hapo nilihamishwa kwenda Nyakach, ofisi ikiwa Katito. Huko Afisa wa Uvuvi wa Wilaya alikuwa mwanamke mkali aliyesahihisha ripoti zetu kwa wino mwekundu hadi karatasi ikaonekana imechinjwa. Ripoti zangu alizirudisha safi. Siku moja alikuja nikiandika akasimama nyuma yangu.

"Kumbe ni wa shoto?"

"Ndiyo, madam."

"Basi hawa wengine wanaotumia mkono wa kulia wanisaidie kuelewa tatizo lao ni nini."

Nilikaa Katito miaka mingi, kisha makao makuu Kisumu, ambako nilifundisha wakaguzi wapya kujaza hati. Niliwafundisha wengi, na leo baadhi yao ni wakubwa wenye magari ya serikali. Wakinipigia simu huniita Mwalimu, nami sikatai. Nyumba yangu nimeijenga kwa mshahara wa mkono huu, na watoto watatu wamesoma hadi kumaliza.

Miaka yangu minne ya mwisho nilirudishwa Seme kuwa Mkaguzi Mkuu wa ufuo uleule. Mama Dorsila alikuwa bado anafanya biashara, sasa anatembea polepole, sauti ikiwa ileile. Kila asubuhi alipita mbele ya meza yangu akaenda kwa msaidizi wangu. Msaidizi akiwa likizo, alisubiri mkaguzi wa ufuo jirani aje, hata barafu ikipungua. Tulisalimiana kwa heshima, tukauliziana habari za watoto. Hati hakunipa niandike. Tangu siku ile ya Mamboleo nimeandika hati nyingi ambazo siwezi kuzihesabu, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokataliwa barabarani. Lakini yule aliyekuwa na haki ya kuniamini au kutoniamini alikuwa hajabadili neno lake, nami sikumlaumu. Kijana, ukistaafu utaona kwamba sifa za wakubwa hulala kwenye faili, bali mtu uliyemuumiza utakutana naye sokoni.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilinunua katoni ya biro nikaanza kuzunguka na shajara. Karani wa chama nilimkuta kwake akichunga ng'ombe. Alipokea kalamu akaniuliza kama nina wazimu. Muuguzi alikuwa amestaafu Kombewa, akanikaangia mayai. Katekista alikwisha kufariki, nikampa mwanawe. Dereva wa barafu aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Omera, nilikuazima mbili," nikamwongezea. Hadi siku ya mwisho, saa nane mchana, majina yote kumi na moja yalikuwa yamepigwa mstari.

Nikashuka ufuoni. Mama Dorsila alikuwa ameketi juu ya kasha, anapepea nzi.

"Nasikia unagawa kalamu," akasema.

"Nalipa walioniazima, Mama. Wewe hukuniazima kalamu, ndiyo maana nimekuja mikono mitupu."

"Mimi nilikuazima samaki."

 Akaangalia gari lililokuwa linapakiwa, kisha akaniangalia mimi.

"Wewe ni afisa mpaka saa ngapi leo?"

"Saa kumi jioni."

"Basi niandikie."

Msaidizi wangu aliinuka kunipisha kwenye meza, lakini nikachukua ubao nikauegemeza palepale kwenye kasha lake. Nilipima, nikatazama macho na mashavu ya samaki, nikaandika jina lake, uzito, mahali waendako. Nilikandamiza. 

Mama Dorsila akakichukua kitabu. Aliinua nakala ya kwanza, akaitazama. Akainua ya pili. Akaitazama ya tatu kwa muda mrefu, akiisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee. Kisha akachovya kidole kwenye maji ya barafu, akairudia nakala ya kwanza, akasugua juu ya jina lake, mara moja, mara mbili, mara tatu. Jina halikusogea.

Akafuta kidole kwenye leso, akamgeukia dereva.

"Gari iende."