Sufuria la Msiba

Harufu ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ikichemka hainiachi nitulie mpaka leo.

Mwaka ule wa korona wanunuzi wa dhahabu waliacha kuja, baba akarudi kutoka machimboni mikono mitupu, njaa ikaingia kijijini. Asubuhi moja nikakuta sufuria kubwa la kikundi cha kuzikana limeinjikwa uani kwetu. Sufuria hilo huwa halitoki bila msiba. Nikakimbilia ndani kumtafuta aliyekufa. Baba alikuwa amelala. Nikamtikisa mpaka akanifokea. Majirani wakaanza kuingia na kuni kichwani, wanalia.

"Nani ametutoka?" mmoja wao akauliza.

"Hajafa mtu," mama akawaambia, akikoroga michembe. "Viongozi wa kikundi tumekubaliana, safari hii tupike kabla hatujazika."

Wakafuta machozi, wakazisukuma kuni zao motoni.