Joto Chini ya Jiko la Mama Feza

Jumapili, tarehe nane, mwezi wa tatu. Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka saa nane, ziwa halionekani, na jirani amefunua shimo lake la kuivishia ndizi. Harufu imeingia mpaka chumbani, tamu, nzito, inakaribia pombe lakini bado. Kila nikiinusa, nyayo zangu zinapata joto. Nitaeleza kwa nini, ingawa sina hakika kama nakumbuka sawasawa. Nilikuwa na miaka tisa, na vita vinavuruga hata kumbukumbu ya mtu mzima.

Tulikaa Minago, kando ya ziwa. Nyuma yetu aliishi Mama Feza, mjane aliyetoka ng'ambo ya ziwa, Kivu, muuza mawese. Wakati ule mtu akikohoa kwako, majirani wanakuuliza aliyekohoa ni nani. Waasi walishuka mlimani kutafuta chakula, na wanajeshi walikuja nyuma yao kutafuta nani aliyewapa. Marehemu mama yangu alikuwa na msemo wake: ukuta wa matete una masikio, na masikio yana njaa.

Mchana mmoja mama alinituma kwa Mama Feza kuomba kaa la moto. Mafiga yake yalikuwa baridi, niliyashika mwenyewe. Lakini pembeni, palipotandikwa mkeka, nilipokanyaga nilisikia udongo una joto, joto la mtu mwenye homa. Mama Feza akanivuta mkono.

"Toka hapo, mwanangu. Leo moto hakuna."

Haraka ile ndiyo iliyonitia shaka. Nikarudi nikamwambia mama kwamba chini ya mkeka wa Mama Feza kuna kitu kiko hai.

Niseme haki: mama hakutangaza. Alimwambia baba mdogo Saidi tu, lakini baba mdogo hakuwahi kumeza neno. Kabla ya alasiri jiko lile lilijaa watu, mkuu wa nyumba kumi mbele yao.

"Amahoro, mama," mkuu akasalimu. "Chini hapa iko nani?"

"Hakuna mutu. Iko ndizi."

"Shimo la ndizi tunalijua. Linachimbwa shambani, watu wanaona. Nani anaivisha ndizi jikoni?"

"Nani ataacha ndizi shambani siku hizi?" Mama Feza akajibu. "Zako wewe ziko wapi?"

Wengine walicheka. Mkuu hakucheka. "Na hili joto? Moto uko wapi?"

"Ndizi zikiiva zinapata joto zenyewe. Hata kwa mama yangu ilikuwa hivyo."

"Zenyewe," baba mdogo akasema. "Kama kuku anaatamia."

Wakafukua. Mama Feza aliwasihi waliache shimo lipate hewa kwanza, mtu asiinamishe kichwa. Wakaona anachelewesha ili mtu wake atoroke. Baba mdogo akawasha koroboi, akaishusha kwa kamba. Ikazimika. Akaiwasha tena, ikazimika tena. Watu wakarudi nyuma hatua moja.

"Mle ndani kitu kinapumua," mkuu akasema polepole. "Kinamaliza hewa."

Baba mdogo, kwa hasira, akaingiza kichwa. Akainuka anayumba, macho mekundu, akakaa chini.

"Sumu," akasema.

Walipotoa majani ya migomba hapakuwa na mtu. Palikuwa na mikungu mitatu ya ndizi za njano, basi. Nilidhani sasa watamwomba radhi. Lakini neno sumu lilikwisha kutoka, na midomoni mwa watu sumu na mtu wa ng'ambo vilikuwa vimefungwa pamoja tangu zamani. Hakuna aliyempiga, hilo nalisema kwa haki. Mkuu alimwambia ahame kabla jua halijazama, kwa usalama wake mwenyewe. Akajitwika sufuria na mkeka, akashika njia ya Magara, peke yake, barabara ambayo siku zile hata wanaume waliipita kwa makundi.

Aliponipita alisimama. "Ulisema kile ulikanyaga, mutoto. Haukusema uongo."

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alinihukumu. Habari zake sikuzisikia tena.

Shule mimi niliishia darasa la sita. Juzi binti yangu alinisomea daftari lake la biolojia, nami nikamfanya arudie mara tatu. Kila kiumbe, anasema, kimejengwa kwa seli ndogo sana, na seli inavunja sukari inayoitwa glukozi ili ipate nguvu. Inavuta oksijeni ya hewani, inatoa gesi ya kaboni na maji, na sehemu ya nguvu hiyo inapotea kuwa joto. Ndizi iliyokatwa haijafa, inaendelea na kazi hiyo. Na hewa ikiisha, sukari inavunjwa nusu tu, ndipo inapotokea pombe. Huenda nimekosea kidogo, lakini nimeelewa hivi: mkuu alisema kweli, kitu kilikuwa kinapumua. Kosa lake ni kudhani kila kinachopumua mafichoni kina bunduki. Kosa langu lilikuwa hilo hilo, nami ndiye niliyeanza.

Jambo jingine halimo katika daftari, nililielewa nilipokuwa na watoto wangu wa kulisha. Jioni ile giza lilipoanza kuingia, mama alitoka na beseni kuelekea jiko la Mama Feza, akarudi nalo limefunikwa kanga. Tulikula ugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwani, halafu ndizi mbilimbili, tamu sana. Baba mdogo Saidi alikula nne.