Kanisa Nyuma ya Majiko ya Mikumi

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ubishi. Katika kanisa letu la Methodisti hapa mjini tulikuwa tumekubaliana kushikana mkono na usharika mmoja mdogo wa bara, ila hatukukubaliana tushikane vipi. Wengine walitaka tupeleke vyombo vya muziki, wengine mabati, wengine semina. Mwenyekiti wetu alipochoka kutusikiliza aliniambia, "Mwalimu, shule zimefungwa. Nenda Kilosa ukakae nao siku chache. Usigawe kitu. Ukirudi utuambie wanaishije." Mimi hufundisha darasa la kwanza, na kazi hiyo inamzoesha mtu kutazama kabla ya kusema. Nikakubali.

Ijumaa asubuhi nilipanda treni ya umeme. Kwa aliyewahi kwenda Kilosa kwa basi, akaruka na kila shimo, safari hii ni kama kukaa sebuleni huku milima ikisogezwa dirishani. Kituo kipo nje kidogo ya mji, kwa hiyo nilichukua bodaboda kwenda Magomeni ya huko Kilosa, mtaa wa nyumba za familia na maduka madogo.

"Unakwenda kwa nani, mama?" dereva aliniuliza.

"Kwa Mzee Hosea."

"Yule wa Methodisti, anayevaa tai hata akienda kununua mkaa? Panda. Ukishuka usimwambie nimesema."

Mzee Hosea alinipokea akiwa amevaa tai. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na mkewe, Mama Upendo, akaninyang'anya mkoba kabla sijamaliza kusalimia. Baba yake Mzee Hosea aliletwa Kilosa na kazi ya reli, akazikwa hapo hapo. Yeye mwenyewe ni mkulima wa mahindi na mpunga, na kanisani ni kiongozi wa darasa na mhubiri.

Nieleze hapo kidogo, kwa wale wasiotufahamu. Wamethodisti tuna desturi ya kugawa waumini katika makundi madogo yanayoitwa madarasa. Darasa hukutana nyumbani kwa mtu, si kanisani, na kiongozi wake humuuliza kila mmoja kwa zamu habari za roho yake. Pia tuna wahubiri ambao si wachungaji. Wana kazi zao za kila siku, na kila Jumapili hupangwa nani aende kuhubiri wapi. Kwetu mjini desturi ya madarasa imefifia. Kilosa iko hai.

Jioni ile darasa lilikutana sebuleni kwa Mzee Hosea. Zamu yangu ilipofika aliniuliza, "Mwalimu, roho yako i hali gani?"

"Nzuri, namshukuru Mungu."

Alinitazama kwa upole. "Hiyo ni salamu, mwalimu. Sisi tumeuliza roho."

Watu walicheka kidogo, kisha wakanisubiri. Hawakuwa na haraka. Nikajikuta ninawaeleza jambo la nyumbani ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote mjini, na walipoliombea nilihisi nimekuwa mtu wao. Kama unataka kujiunga na maisha ya usharika na hujui uanzie wapi, anzia kwenye darasa. Kanisani unaweza kujificha kwenye benchi la nyuma. Sebuleni hakuna benchi la nyuma.

Jumamosi, jua halijachomoza, tulikwenda na watu wa darasa kijiji cha Chanzuru, tumebeba majembe. Mkulima mmoja huko, Mzee Salum, alikuwa amevunjika mguu na mahindi yake yalikuwa yanamezwa na magugu. Yeye ni Mwislamu, rafiki wa Mzee Hosea tangu ujana. Alikuwa amekaa barazani, mguu ameunyoosha kwenye kigoda, akituongoza kwa sauti kama nokoa anayesimamia vibarua.

"Hosea! Unapalilia au unaongeza majani?"

"Nyamaza, bwana. Mwenye miguu miwili ndiye mwenye shamba leo."

"Basi na huyo mgeni mwambie mahindi ni haya marefu!"

Nilikuwa kweli nimekata miche miwili. Binti yake alituletea uji wa tangawizi, tukanywa, tukaendelea. Kazi ilipokwisha nilimuuliza Mzee Hosea kama hatutaomba pamoja kabla ya kuondoka.

"Tumeomba nyumbani," alisema huku akipangusa jembe. "Hapa tumekuja kupalilia. Kama Salum ana jambo la kuniuliza, anapajua kwangu." Halafu akaongeza, "Mimi ningependa kuja jioni, asubuhi nina shughuli zangu. Lakini shamba la mwenzio hulifuati kwa saa yako."

Njiani kurudi alinipa habari iliyomkaa rohoni. Usharika wa Kilosa ulikuwa na kituo cha ibada Mikumi, mji ulioko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Tunduma. Kilianzishwa na mwanamke mmoja mpika chakula, Mama Zawadi, aliyewakusanya wapishi wenzake. Mwanzoni walikuja wengi. Kisha wakapungua, na sasa mhubiri akitoka Kilosa hukuta chumba kitupu. Jumatatu baraza la kanisa lingekaa kuamua kama wakifunge, na Mzee Hosea ndiye angetoa taarifa.

"Wewe mwenyewe unaonaje?" nilimuuliza.

"Naona tukifunge. Inaniuma, maana Mama Zawadi nilimbatiza... yaani, mchungaji ndiye aliyembatiza, ila mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini huwezi kuhubiria viti, mwalimu. Kesho twende wote ukaone."

Jumapili tuliamka mapema, tukapanda Noah ya abiria ya kwenda Mikumi. Barabara inapita kwenye mashamba ya mkonge, milima ikiwa kulia kwako muda mrefu, na mahali fulani katikati kuna kijiji kinachoitwa Ulaya. Kondakta alitutangazia kwamba anayeshuka Ulaya atayarishe pasipoti. Nadhani husema hivyo kila siku, na abiria hucheka kila siku.

Tulifika kabla ya saa nne, saa ya ibada. Kanisa lilikuwa chumba cha fundi cherehani, muumini aliyekitoa bure siku za Jumapili. Vyerehani vilisogezwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa kwa mistari. Tulisubiri. Alikuja bibi mmoja anayetembelea fimbo. Basi. Mzee Hosea aliwahubiria fundi, bibi na mimi mahubiri kamili, bila kufupisha neno, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini alipokuwa akikunja tai yake na kuitia mfukoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Umeona mwenyewe."

Njaa ndiyo iliyotupeleka kwa Mama Zawadi. Majiko yao yako kando ya barabara kuu, mabanda yaliyoungana chini ya paa moja la bati, na mbele yake uwanja ambao malori ya mizigo huegeshwa. Uwanja ulikuwa umejaa. Na pale, katika moshi, nilisikia kanisa lililokosekana. Wanawake walikuwa wakisonga ugali huku wakiimba wimbo ule ule tuliouimba sisi watu wanne asubuhi, ila wao kwa sauti zote nne.

Mama Zawadi ni mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. "Shikamoo baba!" alimwita Mzee Hosea bila kuacha kugeuza nyama. "Umekuja kuhubiri au kula?"

"Marahaba. Nimekuja kuwatafuta. Mko wapi ninyi?"

"Si ndiyo hapa unapotuona."

"Saa nne mko wapi?"

"Saa nne tuko hapa, saa sita tuko hapa. Baba yangu, malori yanayopakia mjini mwisho wa wiki yanafika Mikumi Jumapili. Siku nyingine tunauza. Jumapili ndiyo tunaishi. Nikifunga jiko saa nne, watoto wangu wale nini Jumatano?"

"Mbona hukusema?"

Mama Zawadi aliweka mwiko chini. Ndiyo mara pekee nilipomwona amesimama bila kufanya kitu. "Nani aliuliza? Mlituletea saa, tukaipokea kwa adabu. Tulipokuja, tulikuja tukinuka moshi, tunasinzia, jiko limeachiwa mtoto. Tukashindwa. Mimi nilidhani kanisa ndivyo lilivyo, lina saa yake, na aliyeshindwa kashindwa. Nasikia kesho mnatufunga."

Mzee Hosea aliangalia malori, akaangalia masufuria. Nadhani alikuwa anawaza alichoniambia Chanzuru, maana hata mimi nilikuwa nakiwaza.

"Sasa mnaomba saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Saa kumi, tukishaosha vyombo. Nyuma huko. Tukijaliwa."

"Tutasubiri saa kumi."

Saa kumi ilipofika wanawake walivua aproni na kwenda nyuma ya majiko, kwenye benchi na ndoo zilizogeuzwa kuwa viti. Hawajakaa vizuri, malori mengine matatu yakaingia uwanjani. Mama Zawadi akainuka, wenzake wakainuka. Mzee Hosea akanyoosha mkono.

"Kaeni. Chakula si kimeshaiva?"

"Kimeiva, lakini nani atapakua?"

"Mimi ninayo mikono."

Akavua koti, akafunga aproni yenye maua makubwa mekundu, na akaenda mbele. Mimi nikashika vyombo. Dereva wa kwanza alimkazia macho.

"Shikamoo mzee wangu. Wewe ndiye mhudumu mpya?"

"Marahaba. Wa leo tu."

"Basi niongezee mchuzi kabla hujaacha kazi."

"Unataka nyama au mchuzi? Sema moja, kijana, mimi ni mgeni."

Benchi zima likacheka. Mzee alipakua ugali wa kumshinda tembo kwa huyu na kidogo kwa yule, akamwaga maharage mezani, akaomba radhi, akaendelea. Kule nyuma nilimsikia Mama Zawadi akimuuliza mmoja mmoja, "Roho yako i hali gani, dada?" Mmoja alianza kujibu, akalia. Wengine wakamsubiri, kama walivyonisubiri mimi Magomeni.

Walipoanza kuimba, dereva mmoja, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliacha kutafuna. "Mzee, hao nyuma ni kina nani?"

"Ni Wamethodisti."

"Mimi pia ni Mmethodisti. Kwetu ni Mbeya." Alitazama sahani yake. "Kila Jumapili niko barabarani. Nimesahau mara ya mwisho nilipokaa ibadani. Wanakubali mtu mwenye sahani?"

Mzee Hosea alimwelekeza na kijiko. Dereva akainuka na sahani yake, akazunguka nyuma, na dakika chache baadaye tukasikia sauti nzito ya kiume ikishika besi. Mzee alisimama pale na aproni yake, akisikiliza, mpaka mteja mwingine akamkumbusha kwamba ameomba maji.

Usiku tulilala kwa Mama Zawadi, kwa kuwa jioni hakuna gari la kurudi. Asubuhi alitusindikiza hadi kituoni. Hakuomba lolote. Alisema tu, "Baba, utakachosema huko, sema ulichokiona."

Jumatatu jioni baraza lilikaa Kilosa, na mchungaji akaniruhusu kusikiliza. Mzee Hosea alisimama, tai imekaa sawasawa. "Nilikuja kuwaomba tufunge Mikumi," alisema. "Sasa naomba tufunge saa nne tu. Watu wapo. Tuliwapangia saa wakiwa kazini."

Katibu, mama makini asiyependa papara, aliuliza maswali yaliyostahili kuulizwa. Ibada itafanyika jikoni, na moshi na pembe za malori? Na mhubiri wa saa kumi atarudije Kilosa, wakati gari hakuna?

"Moshi utatuzoea," alijibu Mzee Hosea. "Na mhubiri atalala huko huko. Nipangeni mimi nianze."

"Baba Upendo, na umri huo, kila Jumapili ulale ugenini?"

Mama Upendo, aliyekuwa ameketi mlangoni na birika la chai, alidakia kabla mumewe hajafungua mdomo. "Mpangeni. Na mimi nitakwenda naye. Akipakua ugali peke yake tena, wale wanawake watafilisika."

Hata katibu alicheka. Baraza likakubali wajaribu mpaka baada ya mavuno. Mchungaji alimpigia Mama Zawadi simu papo hapo, akaweka sauti ya juu tusikie wote. Alipomwambia, upande wa pili ilisikika sauti ya mafuta yakichemka tu. Kisha Mama Zawadi akasema, "Mchungaji, subiri niepue sufuria, nisije nikaunguza chakula cha watu kwa furaha." Tukamsikia akiwaita wenzake kwa majina, na vigelegele vikatujazia chumba.

Jumanne nilipanda treni kurudi. Nilijifunza jambo ambalo ni rahisi kulieleza na gumu kulifanya: kabla hujamwalika mtu kwenye ibada, jua siku yake ikoje. Ukishaijua, kazi yako utaiona yenyewe, na mara nyingi si ile uliyojiandaa nayo. Haihitaji elimu kubwa wala ujasiri wa pekee. Yeyote miongoni mwetu anaiweza, hata aliyejiunga nasi jana.

Nilipomaliza kuyasimulia haya kanisani kwetu Jumapili iliyofuata, swali la kwanza lilikuwa lile lile: tuwapelekee nini? Nikasema Mama Zawadi nilimpigia simu na kumuuliza. Alijibu kwamba nyimbo wanazo na chakula wanacho. Anachohitaji ni watu wa kushika majiko na vyombo Jumapili saa kumi, ili wapishi wote wakae ibadani pamoja.

Mwenyekiti wetu akawa wa kwanza kuinua mkono.

"Wewe?" mkewe akasema kwa sauti, mbele ya watu wote. "Hata kikombe chako mwenyewe hukijui kinaoshwaje."

"Ndiyo maana nawahi kujiandikisha," alisema mwenyekiti. "Nina wiki nzima kabla ya Jumapili. Utanifundisha leo jioni."